Utomvu wa Mbono na Mlango wa Seli

Barua iliyotufikia juma hili imetoka Wambaa, wilaya ya Mkoani, kisiwani Pemba. Mwandishi wake ni bibi anayelea wajukuu, na baada ya salamu na dua ameuliza mambo mawili. La kwanza ni kwamba wajukuu wake wawili walirudi kutoka kucheza karibu na makaburi wakitapika mfululizo, ikabainika kwamba wamekula mbegu za mbono kaburi wakizidhani ni njugu. Alhamdulillahi, watoto wamepona. Lakini Bi mkubwa huyo anasema kwamba tangu utotoni mwake ameuona utomvu wa mti huo huo ukipakwa kwenye kidonda na kwenye fizi, naye anataka kujua mti mmoja unawezaje kuwa dawa na sumu kwa wakati mmoja. La pili ameliandika mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa tayari mlangoni: mumewe, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, hana maumivu yoyote na anakula vizuri, ila sasa anaona nyuzi nyeusi zikielea mbele ya jicho moja. Je, ni uzee?

Tunaanza na la pili kwa sababu halisubiri. Nyuzi au madoa meusi yanayozuka ghafla katika jicho la mgonjwa wa sukari yanaweza kuwa damu iliyovuja ndani ya jicho. Mzee huyo apelekwe hospitali sasa, wala asingoje makala hii imalizike kusomwa. Sababu tutaieleza huko mbele, na msomaji atashangaa kuona kwamba maswali haya mawili, la mbegu na la jicho, yanakutana mahali pamoja: kwenye kimeng'enya kimoja kilichomo ndani ya seli za kila mwanadamu, ambacho wanasayansi wamekiita protini kinasi C.

Ama mbono kaburi, ambao wengine huuita mbono koma, ni mti mdogo wa uzio unaofahamika mwambao mzima. Ng'ombe na mbuzi hawauli, hukua upesi kwa kuchomeka kijiti tu, na ndiyo maana watu wa zamani waliupanda kuzunguka mashamba na kuwekea alama makaburi. Usichanganywe na mbarika, yaani mnyonyo, ambao baadhi ya watu pia huuita mbono. Ule una sumu nyingine, tena kali zaidi. Mbegu za mbono kaburi zina ladha tamu kidogo kama ya karanga, na hapo ndipo ulipo mtego wake kwa watoto. Saa chache baada ya kuzila, koo huwaka, tumbo hukata, kisha hufuata kutapika na kuharisha. Kinachomhatarisha mtoto zaidi ni upungufu wa maji mwilini. Asilazimishwe kutapika zaidi. Apewe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, funda kwa funda, na apelekwe kituo cha afya, na mbegu moja au ganda lake lichukuliwe ili mganga aone ni kitu gani kilicholiwa.

Ndani ya mbegu hizo mna vitu viwili vinavyodhuru. Kimoja ni protini iitwayo kasini. Cha pili, ambacho ndicho hasa kilichotuingiza katika mada hii, ni jamii ya kemikali ziitwazo esta za foboli. Wasomaji wetu wa Bara watakumbuka miaka ya 2000, pale mbono uliposifiwa kuwa dhahabu ya kijani na makampuni yakaja kuupanda ili kupata mafuta ya kuendeshea mitambo. Mafuta yalipatikana, lakini mashudu yaliyobaki hayakuweza kupewa mifugo, kwa sababu foboli zilikuwa zimebaki humo. Mexico kuna aina ya mbono ambayo karibu haina foboli kabisa, na watu wa huko hukaanga mbegu zake wakazila. Mti ni ule ule kwa sura. Tofauti yote imo katika kemikali hiyo moja, na hakuna jicho la mtoto wala la mtu mzima litakaloiona.

Ndugu wa mbono ni mnyaa, ule uzio wa vijiti vya kijani visivyo na majani, ambao ukivunjwa hutoa maziwa meupe. Ziwa Manyara husemekana limepewa jina lake kutokana na neno la Kimasai la mti huo. Maziwa ya mnyaa nayo yana jamaa za foboli. Yakiingia jichoni huchoma vikali na yanaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Dawa ya papo hapo ni maji safi mengi, jicho likioshwa kwa robo saa na zaidi, kisha hospitali. Wala si maziwa ya mama, wala si asali, wala si dawa ya macho iliyobaki kwa jirani.

Sasa tuulize: foboli hufanya nini hasa hata mwili ukasumbuka namna ile? Jibu lilichukua miaka zaidi ya thelathini kupatikana. Katika miaka ya 1940 mtafiti Isaac Berenblum na wenzake walikuwa wakipaka ngozi ya panya mafuta ya krotoni, mti wa Asia ulio katika ukoo mmoja na mbono na mnyaa. Waliona jambo la ajabu. Ukimpaka panya kiasi kidogo cha kemikali inayosababisha saratani, mara moja tu, hapati uvimbe. Ukimpaka mafuta ya krotoni peke yake, kwa kawaida hapati uvimbe vilevile. Lakini ukianza na ile kemikali, kisha ukafuatisha mafuta ya krotoni mara kwa mara kwa majuma mengi, uvimbe huota. Kemikali ya kwanza ilikuwa kama mbegu iliyofukiwa, na mafuta yalikuwa kama maji ya kuimwagilia. Baadaye wataalamu wakachambua mafuta yale na kukuta kwamba kinachomwagilia ni foboli. Ila hapakuwa na aliyejua foboli inagusa nini ndani ya seli.

Mlango ulifunguliwa Japani, katika mji wa Kobe. Mwaka 1977 Yasutomi Nishizuka na wenzake walitangaza kwamba wamepata katika ubongo wa wanyama kimeng'enya ambacho hapo awali hakikujulikana. Vimeng'enya vya namna yake huitwa kinasi, na kazi yake ni kubandika chembe ya fosfeti juu ya protini nyingine. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ni kama muhuri juu ya waraka: protini iliyopigwa muhuri hubadili umbo, ikaamka au ikalala, ikatoka ilipokuwa ikaenda kwingine. Kimeng'enya cha Nishizuka kilikuwa na tabia ya pekee. Hakikufanya kazi mpaka kipate kalsiamu na mafuta ya aina maalumu kutoka kwenye utando wa seli. Mwaka 1982 Monique Castagna, mtafiti wa Kifaransa aliyekuwa akifanya kazi na kundi lile la Kobe, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba foboli inakiamsha kimeng'enya hicho moja kwa moja. Kitendawili cha panya wa Berenblum kikapata ufunguo.

Hapa inafaa tutulie, kwa kuwa utaratibu wenyewe ni mzuri mno kuupita mbio. Seli ni kama nyumba yenye ukuta wa mafuta, na mjumbe kutoka nje, tuseme homoni, haingii ndani ovyo. Anapiga hodi kwa kugusa kipokezi kilichomo ukutani. Kipokezi kikishaguswa, huamshwa kimeng'enya kingine kinachokata aina fulani ya mafuta ya ukuta ule ule vipande viwili. Kipande cha kwanza huyeyuka kikaingia ndani, na huko hufungulia akiba ya kalsiamu. Kipande cha pili, kiitwacho daiasilgliseroli, hubaki ukutani. Wakati wote huo protini kinasi C imekuwa ikielea ndani ya seli ikiwa imejikunja, na sehemu ya mwili wake wenyewe imeziba mdomo wake, mithili ya mtu aliyejiwekea kiganja mdomoni asije akasema pasipo idhini. Kalsiamu inapopanda, huisukuma kuelekea ukutani. Ikifika na kumkuta daiasilgliseroli, hunata hapo, kiganja kikatoka mdomoni, na kazi ya kupiga mihuri ikaanza: seli ikajigawa, au ikatoa homoni, au mshipa ukajibana, au askari wa kinga akaamka kupambana na vijidudu.

Na uzuri wa utaratibu huu ni kwamba una mwisho. Baada ya sekunde au dakika chache daiasilgliseroli huvunjwa, kinasi ikabanduka ukutani, kiganja kikarudi mdomoni. Mgeni aliitikiwa hodi yake, akasema shida yake, akaaga.

Foboli ni mgeni wa namna nyingine. Kwa umbo imefanana na daiasilgliseroli kiasi cha kuingia mahali pale pale pake. Lakini haipigi hodi, na seli haina njia nyepesi ya kuivunja, kwa hiyo hukaa kizingitini kwa saa nyingi. Kinasi hubaki ukutani mdomo wazi, ikipiga mihuri ambayo hakuna aliyeiagiza. Ndiyo sababu utumbo wa mtoto aliyekula mbegu hutoa maji na kuwaka, na ndiyo sababu ngozi iliyodondokewa na maziwa ya mnyaa huvimba na kuwa nyekundu.

Kinasi C si moja, bali ni ukoo wa wanachama wapatao 10, nao wamepewa majina ya herufi za Kigiriki. Alfa inapatikana karibu kila mahali. Theta ni muhimu kwa seli za kinga. Gama imo katika ubongo, na wapo watu waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya gama, ambao hatua kwa hatua hupoteza uwiano wa mwendo, wakatembea kwa kuyumba. Beta tutaikuta tutakaporudi kwa mzee wetu wa Wambaa.

Jambo la foboli na saratani lina upande wake wa Afrika Mashariki, na visiwa vyetu vimo ndani yake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto na kukua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili, safari ya maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali moja hadi nyingine kuuliza wapi ugonjwa huo upo na wapi haupo. Walikuta kwamba unafuata joto na mvua, kama unavyofanya mbu wa malaria. Lakini Unguja na Pemba, pamoja na joto lao na mvua zao, zilionekana kuwa na nafuu ya ugonjwa huo. Tofauti ilikuwa nini? Kuanzia mwaka 1958 hadi 1968 visiwa vyetu vilikuwa na mradi mkubwa wa kutokomeza malaria, wa kupulizia dawa majumbani, na malaria ilikuwa imeshuka mno. Hiyo ilikuwa moja ya dalili zilizowafanya wataalamu waitazame malaria kuwa mshirika katika ugonjwa huo. Mshirika wa pili ni kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe huo, kijulikanacho kwa majina ya Epstein na Barr. (Wasomaji wenye umri wanajua kilichotokea mradi ule ulipofungwa: malaria ilirudi.)

Sasa, kirusi hicho wengi wetu tunacho, tumekipata utotoni, na hulala ndani ya seli za kinga bila kutudhuru. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kijapani walionyesha kwenye maabara kwamba maziwa ya mnyaa na ya mimea ya ukoo wake yanaweza kukiamsha kirusi kilicholala, na njia yake ni ile ile, kuamsha protini kinasi C. Kwa kuwa mnyaa umepandwa kwa wingi katika sehemu nyingi zenye ugonjwa wa Burkitt, baadhi yao wakapendekeza kwamba ni mshirika wa tatu. Tunasema wazi kwamba hilo ni pendekezo. Malaria na kirusi vina ushahidi mzito; mnyaa una ushahidi wa maabara na wa ramani tu. Hakuna haja ya kukimbilia panga na kukata nyua. Lakini tunaona ipo sababu ya kutosha ya mzazi kumkataza mtoto asitafune vijiti vyake wala kuchezea maziwa yake, na sababu ya kutosha zaidi ya kuacha kumnywesha mtoto mchanganyiko wowote wenye maziwa hayo.

Kwa miaka mingi baada ya 1982 wanasayansi walisadiki kwamba, ikiwa foboli inamwagilia saratani kwa kuiamsha kinasi C, basi kuizuia kinasi hiyo kutakuwa tiba. Dawa za kuizuia zikatengenezwa, zikajaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali, na mara kwa mara hazikuleta faida iliyotarajiwa. Mwaka 2015 maabara ya Alexandra Newton huko California ilipima makumi ya kasoro za kinasi C zilizokutwa katika uvimbe wa wagonjwa. Wengi wa wasomaji watatarajia kwamba kasoro hizo zilikuwa zimeifanya kinasi iwe kali zaidi. La. Nyingi ziliipunguza nguvu au kuiua kabisa, na miongoni mwa zilizopimwa haikupatikana hata moja iliyoiongezea nguvu. Na pale kasoro moja iliporekebishwa katika seli za saratani ya utumbo mpana, uvimbe ulipunguza kukua ndani ya panya.

Vipi basi kuhusu mafuta ya krotoni? Fikirini honi ya gari ya abiria iliyonata njiani kutoka Mkoani. Dakika ya kwanza kila mtu anageuka. Ikiendelea kulia, dereva mwenyewe hushuka akakata waya, na tangu hapo gari haina honi kabisa, hata pale mtoto anapokatiza barabara. Ndivyo seli inavyofanya. Kinasi iliyolazimishwa kukaa mdomo wazi kwa saa nyingi haihimiliwi; seli huivunjavunja, ikabaki bila ya kimeng'enya hicho. Huenda basi kilichokuwa kikiwadhuru panya wa Berenblum ni uhaba wa kinasi uliofuata kelele zile, zaidi ya kelele zenyewe. Sisi tunaipenda habari hii kwa sababu inaonyesha sayansi ikigeuka kwa ushahidi baada ya miongo mitatu, bila aibu wala ugomvi.

Nayo inatusaidia kumjibu Bi mkubwa kuhusu dawa na sumu. Upo mmea mdogo wa ukoo wa mnyaa, ambao Ulaya humea kama magugu, na utomvu wake ulitumiwa na wakulima wa huko kwa vigutu na mabaka ya ngozi. Wanakemia walitoa humo kitu kiitwacho ingenoli mebutati, ndugu wa foboli, nacho kikaruhusiwa mwaka 2012 Marekani na Ulaya kuwa jeli ya kutibu mabaka ya ngozi yaliyosababishwa na jua, yale yanayoweza kugeuka saratani. Ilipakwa kwa siku mbili au tatu tu, kwa kipimo kilichopimwa kwa uangalifu. Hata hivyo mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilihitimisha kwamba huenda dawa hiyo yenyewe inaongeza saratani ya ngozi mahali ilipopakwa, ikaondolewa sokoni. Tunalitaja hili hasa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao mabaka ya jua ndiyo adui wao wa kila siku: wapo wanaoshauriwa kupaka maziwa ya mnyaa juu ya mabaka hayo. Wasipake. Ikiwa kitu kilichosafishwa na kupimwa kiwandani kimeondolewa kwa hofu hiyo, maziwa ya uani, ambayo nguvu yake hubadilika kwa msimu na kwa mti, hayana utetezi. Ama utomvu wa mbono kwenye mkwaruzo mdogo, huo haufanani na mbegu, kwani foboli nyingi zimo katika kiini cha mbegu na mafuta yake, na wazee waliotumia utomvu kusimamisha damu hawakuwa wakibahatisha tu. Lakini jicho, mdomo wa mtoto mchanga na kidonda kisichopona ni mipaka isiyovukwa, na mafuta ya mbegu hayana nafasi katika mwili wa mtu, ndani wala nje.

Tumrudie mzee. Hajala mbono, wala hajagusa mnyaa. Hata hivyo katika macho yake kinasi C imekaa mdomo wazi kwa miaka, na safari hii anayeiamsha ni seli yenyewe. Seli nyingi za mwili husubiri insulini ndipo zifungue mlango kwa sukari. Seli zinazotandika ndani ya mishipa midogo ya damu, hasa ya jicho na figo, hazina bawabu huyo. Sukari ikizidi katika damu, huzidi ndani yake pia. Na sehemu ya sukari hiyo ya ziada, ikipita katika jiko la seli, hugeuzwa kuwa daiasilgliseroli, kile kile kipande cha ukutani tulichokieleza. Hapakuwa na mjumbe, hapakuwa na hodi, lakini kinasi, na hasa ile ya beta, huitika. Mishipa hubanwa, kuta zake huwa nene mahali pengine na kuvuja mahali pengine, na seli zilizokosa hewa hutoa wito wa kuoteshwa mishipa mipya. Mishipa hiyo mipya ya jicho ni dhaifu kama nyuzi za buibui. Siku mmoja ukipasuka, damu humwagika katika ute wa jicho, na mtu huona nyuzi nyeusi zikielea. Haumi, kwa kuwa retina, yaani pazia la nyuma ya jicho lipokealo picha, haina hisia ya maumivu. Figo nazo huharibika kwa ukimya ule ule.

Isidhaniwe kwamba kinasi C ndiyo njia pekee ambayo sukari huharibu mishipa; zipo nyingine kadhaa zinazokwenda sambamba nayo. Lakini ushahidi wake ni mzito kiasi kwamba ilitengenezwa dawa ya kuizuia beta peke yake, ruboksistaurini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 685 walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Waliopoteza uwezo wa kuona kwa namna ya kudumu walikuwa asilimia 9.1 kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na asilimia 5.5 kati ya waliopewa dawa. Mamlaka ya Marekani ilitaka majaribio zaidi kabla ya kuiruhusu, mtengenezaji hakuendelea nayo, na hadi leo haipo dukani. Akija mtu na chupa akasema ndani yake kuna dawa inayozuia kinasi C kwa wenye sukari, mwondokeeni.

Kinachopunguza daiasilgliseroli katika mishipa ni kupunguza sukari yenyewe katika damu. Uingereza ilianza kuwaandikisha wagonjwa wa sukari katika utafiti mkubwa mwaka 1977, mwaka ule ule wa Nishizuka, na hatimaye wakazidi 5,000. Matokeo yalipotoka mwaka 1998, waliodhibitiwa sukari kwa makini walikuwa na madhara ya mishipa midogo pungufu kwa robo kuliko wenzao, na kudhibiti shinikizo la damu kulionyesha faida kubwa pia. Vidonge vile vile vinavyotolewa kliniki, na chakula kile kile ambacho daktari amekisema mara kumi, vinafanya kazi hadi ndani ya ukuta wa seli. Mgonjwa anayeacha vidonge kwa sababu hasikii kitu anapima kwa kipimo kisichokuwepo, maana mishipa hii haina ulimi.

Kwa hiyo mwenye sukari apimwe macho walau mara moja kwa mwaka hata akiwa anasoma herufi ndogo za gazeti hili bila miwani, na apimwe mkojo kuona kama figo zinavujisha protini. Retina iliyoanza kuotesha mishipa dhaifu inaweza kutibiwa kwa mwanga wa leza, na siku hizi pia kwa sindano zinazozima ule wito wa mishipa mipya. Tiba hizo huhifadhi uoni uliobaki, na kwa wengine hurudisha sehemu, lakini mara nyingi kilichokwisha kupotea hakirudi. Familia itakayompeleka mzee ijue pia jambo moja dogo: daktari atamtia matone ya kupanua mboni ili aone nyuma ya jicho, na kwa saa kadhaa baada ya hapo ataona ukungu na jua litamchoma. Aende na kijana wa kumshika mkono, avae kofia pana au miwani ya jua, na asikubaliwe kurudi Wambaa akiendesha mwenyewe baiskeli wala pikipiki.